Matanga ya Papa Alonzo Pale Yeoville

Kaa vizuri, simu iweke kwenye chaja, maana kilichotokea Jumamosi ile pale Yeoville, Johannesburg, hutakiamini. Waliokuwepo wenyewe mpaka leo wakihadithia wanashikana mikono, kila mmoja anahakikisha mwenzake hajaota. Video ipo, ndiyo. Inaonyesha sandali za watu, kiti cha plastiki kinaruka, na mama mmoja anapiga kelele "Damu ya Yesu!" Basi, imeishia hapo. Aliyekuwa anarekodi naye alitimua mbio.

Kuna fundi cherehani anaitwa Octave. Mtu wa Lubumbashi, mrefu, mwembamba kama sindano zake, duka lake liko mita chache tu kutoka soko la Yeoville. Suti akikushonea wewe, hata mwenye nyumba anakusalimia kwa adabu. Lakini Yeoville hawamjui sana kwa suti. Wanamjua kwa matanga.

Octave ndiye mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Ukifia Johannesburg, mbali na kwenu, watu wa chama wanakuwa baba yako na mama yako. Wanafunga hema, wanapika, wanakulilia, wanakuombea kabla mwili haujapanda ndege. Halafu mwenyekiti anashika maikrofoni anasimulia wasifu wako, tangu siku mama yako alipopata uchungu mpaka jeneza. Na Octave, jamani! Hasomi popote. Anakuchekesha, anakuliza, anakuchekesha tena huku kamasi bado zinakutoka. Kuna mzee mmoja wa Joubert Park alisema hadharani kwamba anaomba Mungu amchukue yeye wakati Octave bado yuko madarakani.

Ila chama kina sheria moja kali kuliko zote. Mwenyekiti akitangaza kifo cha mtu aliye hai, anang'oka siku hiyohiyo. Aliyekuwepo kabla yake, Mzee Gustave, muuza vitenge, alimtangaza jamaa mmoja watu wakalia siku mbili, kumbe jamaa yuko Durban anakula samaki. Jamaa akarudi na polisi. Gustave akang'oka. Tangu hapo kifo hakikubaliwi bila mashahidi wawili walioona kwa macho. Meseji haitoshi, wala sauti ya WhatsApp.

Sasa. Jumatano jioni Octave anapiga pasi suruali, anaingia Cédric, mtoto wa dada yake, ambaye ni mlinzi. Kofia ya kazi mkononi, macho mekundu.

"Tonton, mjomba wangu, keti kwanza."

"Nani amekufa?"

"Unajuaje?"

"Mtu akiniambia keti kwanza, mimi najua. Sema."

"Papa Alonzo."

Octave akasahau pasi juu ya suruali ya mteja.

Alonzo Prewitt! Kama ulikuwa hujazaliwa enzi zile, muulize mama yako. Mmarekani, mwimbaji, tena mwigizaji. Lubumbashi nzima ilikuwa inamwita Papa Alonzo, kama vile anakaa mtaa wa pili. Filamu zake zilionyeshwa ukumbi wa parokia, anaongea Kifaransa cha kutiwa mdomoni, na watoto waliokosa nafasi wanachungulia dirishani. Octave alijifunza kushona kwa sababu ya makoti ya yule mtu. Siku ya harusi yake na Jeanne, koti lake lilikuwa la Alonzo mtupu, kola pana mpaka mabegani, na wimbo waliocheza ulikuwa wa Alonzo. Jeanne anasema alikubali kuolewa na koti kwanza, mwenye koti alimzoea baadaye.

"Umemwona?" Octave akauliza.

"Na macho yangu, tonton! Leo walitupeleka lindo kwenye kanisa moja la zamani, kule mtaa wa Observatory juu kilimani. Mimi na Naseeb, geti ya nyuma. Gari nyeusi ikapita, jeneza wazi, yeye ndani. Suti ya kijivu. Uso umekuwa mweupe na poda. Watu wamevaa nyeusi, wanalia vibaya sana."

"Kulikuwa na kamera?"

"Kamera mingi! Hata juu ya gari ilikuwako."

Octave akatikisa kichwa. Mtu mkubwa kama yule azikwe bila kamera?

"Lakini Mmarekani azikwe Observatory?"

"Hapana kuzika, tonton. Walikuwa wanamuombea tu."

Hapo ndipo mambo yote yakamwingia Octave kichwani, yakakaa sawasawa kama kitambaa kilichopimwa. Alonzo alikuwa safarini. Kifo kimemkuta ugenini. Wanamwombea kabla mwili haujapanda ndege! Octave amefanya hivyo kwa watu wangapi? Angekosaje kulielewa hilo?

Naseeb akaitwa. Mtanzania wa Kigoma, mtu wa kuapa. "Mzee, nakuapia kwa Mungu mmoja, nimemwona. Tena miguu ilikuwa imetulia tuli." Mashahidi wawili. Sheria imetimia.

Binti yake Octave, Gaëlle, kazaliwa hapahapa Joburg, yuko matriki, mwaka wa mwisho wa sekondari. Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukisema anaona uvivu. Siku hiyo alijitahidi. "Papa, eish, nimegugo. Hakuna kitu. Hata TikTok."

"Familia bado haijaambiwa, mwanangu. Wewe utapenda kusoma kifo cha baba yako TikTok?"

Gaëlle akarudisha simu mfukoni.

Aliyembishia kidogo ni Wamaitha, katibu wa chama, Mkenya wa benki anayekaa Observatory. Alipiga simu usiku. "Mwenyekiti, si huyu mzee hufa kwa kila filamu? Alipigwa risasi, akazama, akaumwa na nyoka. Uko sure?"

"Mama Wamaitha, mashahidi ni wawili."

"Na hakuwa mwanachama."

"Amefia ugenini. Haitoshi?"

Halafu Wamaitha akasema taratibu, "Mamangu alikuwa anampenda huyo mzee vibaya. Nitaleta chapati."

Kufika Jumamosi, uwanja wa nyuma ya kanisa pale Yeoville ulikuwa umejaa. Hema la buluu, viti vya plastiki, masufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, fufu, ugali wao wa muhogo, inapigwa mpaka ardhi inatetemeka. Akina mama wamechapisha tisheti nyeupe, sura ya Papa Alonzo kifuani, chini yake maandishi: LALA SALAMA PAPA ALONZO. Mbele wameweka picha yake kubwa, mishumaa na maua. Watu walitoka Joubert Park kwa taxi, watu walitoka Observatory kwa miguu. Hata Gustave alikuja. Akakaa mstari wa mbele, mikono kifuani, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi akosee.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Octave. "Matanga bila familia ya marehemu ni matanga gani?" alimwambia Cédric. "Hiyo ni pikiniki. Nenda pale kanisani Observatory, watafute watu wake. Waambie sisi wa Yeoville tunalia pamoja nao. Waje wale."

Cédric akaenda. Octave akazima simu, kwa sababu mwenyekiti akishika maikrofoni simu inazimwa, na akaanza.

Alianza chini, kama anaongea na mtu mmoja. Akawapeleka Alabama, mji mdogo wenye vumbi. Mama mmoja anafua mashuka ya hoteli, mtoto wake anayaanika, na anayaimbia. Mtoto akakua akawa dereva wa gari la dobi. Akifika hotelini haingii mlango wa mbele, anapita nyuma, na mashuka begani anaimba kwenye korido. Siku moja mwimbaji wa bendi ya hoteli akaumwa koo. Meneja akauliza, "Yule wa mashuka yuko wapi?"

"Yuko wapi!" watu wakaitikia.

"Akapanda jukwaani na nguo za dobi!"

"Eeeh!"

"Bila viatu vya kung'aa!"

"Papa Alonzo!"

Jeanne mstari wa pili alikuwa ameshalowa machozi. Octave akapandisha sauti, akafika kwenye rekodi ya kwanza, akafika Hollywood, na pale alipokuwa anasimulia filamu ya kwanza, jinsi Alonzo alivyokufa ndani yake vizuri mpaka wakampa nyingine afe tena, akainua macho kuelekea getini.

Cédric ameingia. Kakunjamana kama shati lililotoka kwenye mashine. Na pembeni yake, amevaa kofia ya kawaida kama ya baba yeyote, shati la mikono mifupi, fimbo mkononi, ni Papa Alonzo Prewitt.

Octave akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

Usisahau, watu wote wanamtazama yeye. Geti liko mgongoni kwao. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake na Cédric wanaojua kwamba marehemu amekuja.

Alijua palepale. Kamera. Poda. Miguu imetulia tuli. Filamu! Mwenyezi Mungu, ilikuwa filamu! Akamtazama Gustave pale mbele na mikono yake kifuani. Akaona maikrofoni inatoka mkononi mwake inakwenda zake. Alipenda vitu vitatu duniani: Jeanne, Gaëlle, na ile maikrofoni.

Njia ya kutokea ilikuwepo. Tena nyepesi! Angesema tu, "Ndugu zangu, tufumbe macho tuombe." Watu wa matanga wakifumba macho hawafumbui mpaka waambiwe. Cédric angemrudisha mzee kwenye gari, amina, watu wangekula wangekwenda kwao, na nani angejua? Neno "tufumbe" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Lakini yule mzee alikuwa ameona ile picha kubwa. Ameona mishumaa. Ameona migongo ya watu inatikisika kwa kilio. Akaweka kidole mdomoni, akamwashiria Octave: nyamaza, endelea. Halafu akavuta kiti cha mwisho, akakaa, akavua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Na Gaëlle sasa! Yeye ndiye alikuwa anagawa chai. Akaona mgeni mzee amekaa peke yake, akampelekea kikombe na mandazi kama anavyofanya kwa kila mgeni. Mzee akainua uso kusema asante. Gaëlle akatazama uso, akatazama tisheti yake mwenyewe, akatazama uso tena.

"Haibo," akasema, kama Joburg wanavyoshangaa.

Mzee akamuuliza kitu kwa Kiingereza, polepole. Gaëlle akamtazama baba yake kule mbele. Halafu akachukua kiti, akakaa karibu na yule mzee, akainamisha mdomo kwenye sikio lake. Akaanza kumtafsiria.

Octave akaona. Yule mtoto ambaye kila siku anamsemesha Kiswahili anajibiwa Kiingereza, leo anamsikiliza baba yake neno kwa neno, hataki limpite hata moja. Basi akameza mate na "tufumbe" yake, akaendelea.

Ila sasa kazi ilibadilika. Wasifu wa matanga, tunajuana, una chumvi. Mlevi anaitwa mtu wa watu, mgomvi anaitwa mtu wa msimamo. Marehemu habishi. Sasa huyu hapa nyuma anatafuna mandazi na anasikiliza! Utamwongopea mtu maisha yake mwenyewe?

Octave akaacha chumvi. Akasimulia ile miaka ya pombe, Alonzo alipoanguka jukwaani watu wakamcheka. Akasimulia jinsi simu za Hollywood zilivyokoma. Akasimulia alivyorudi mji ule wenye vumbi, akaingia kanisa la mama yake akakaa nyuma kabisa, na akina mama wa kwaya hawakumuuliza kitu, walimsogezea kitabu cha nyimbo tu. "Alianza upya akiwa na mvi," Octave akasema. "Sisi hapa tulioanza upya Johannesburg tunajua uzito wake. Na mimi, wakati nalala sakafuni Joubert Park, cherehani yangu imeibwa, nilisikia ile nyimbo aliyoimba baada ya kurudi. Asubuhi nikaamka nikatafuta kazi. Hakuna mtu nimewahi kumwambia. Ningependa ajue."

Kule nyuma mzee akajifunika uso kwa kofia. Gaëlle naye anatafsiri huku anafuta macho kwa mkono wa tisheti.

Hata wapiga fufu wameacha kazi wanasikiliza.

"Sasa," Octave akasema, "wasifu wote unamaliziwa na siku ya kufa. Huu siwezi kuumaliza. Ndugu zangu, mwenyekiti wenu amewadanganya bila kujua. Marehemu hajafa. Yuko pale nyuma. Anakunywa chai."

Watu wakageuka.

Mzee wa watu, kwa adabu, akasimama akapunga mkono.

Jamani! Ile kelele mpaka mtaa wa Hillbrow waliisikia! Viti viliruka, hema likavutwa kamba, wapishi wakaacha vijiko, kwaya yote ikapita kwenye mlango wa vestri, kile chumba cha mavazi ya kanisa, ambao watu wawili wakiwa pamoja hawapiti. Mama mmoja kutoka Bukavu alianza kukemea pepo huku amenyoosha mwiko wa sombe. Naseeb, shahidi wa pili, alikuwa juu ya ukuta. Hakuna anayejua alipandaje. Jeanne peke yake hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa yule mzee, akamfinya mkono kwa nguvu.

"Ouch," akasema Papa Alonzo.

"Ni nyama!" Jeanne akatangaza. "Rudini! Ni mtu wa nyama!"

Wakarudi mmojammoja, wengine wanamgusa bega, wanacheka, wanalia, wanacheka. Cédric akapata nafasi ya kujieleza: alimwambia mama mmoja wa Kimarekani getini kule Observatory kwamba wanawapa pole kwa msiba, yule mama akaingia ndani anashangaa, na aliyetoka ni marehemu mwenyewe na poda yake. "Aliniuliza, nani analia? Nikamwambia, watu wote. Akauliza, kwa ajili yangu? Nikasema ndiyo, na chakula kiko. Akanawa uso akapanda gari. Nilikupigia, tonton, simu imezimwa!"

Kisha Gustave akasimama. Alikuwa akiisubiri dakika ile miaka.

"Sheria," akasema. "Mimi niling'oka. Ndiyo au hapana?"

Watu wakamtazama Wamaitha, katibu. Wamaitha akakunja uso. "Haki, sheria ni sheria," akasema, na ilimuuma kuisema. "Ametangaza kifo cha mtu aliye hai. Tena aliye hai na anakula chapati zangu."

Octave hakubisha. Hakumsingizia Cédric, hakumtaja Naseeb kule ukutani. Akaja mbele, akaiweka maikrofoni mezani karibu na mishumaa, akarudi nyuma hatua chache kama mtu anayeweka mtoto kitandani.

Papa Alonzo akamuuliza Gaëlle kuna nini. Gaëlle akamweleza. Mzee akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Anauliza," Gaëlle akasema, "kwenye hii chama, marehemu anaruhusiwa kuongea?"

Kicheko! Hata Gustave mdomo ulimponyoka upande.

"Haijawahi kuombwa," akasema Wamaitha. "Aongee."

Basi mzee akaongea, Gaëlle akatafsiri, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, mbele ya watu wote, bila aibu. "Anasema amezika marafiki wengi. Anasema kila mara watu walisema maneno mazuri, na yeye alikuwa anafikiria, huyu aliye kwenye sanduku hasikii hata moja. Anasema leo yeye amesikia. Anasema... subiri, Papa, eish... anasema mwondoeni huyu mtu kwenye kiti kama ni sheria yenu. Lakini mkimwondolea maikrofoni nyinyi ni wapumbavu. Pole, ni yeye amesema."

Watu wakapiga makofi mpaka mishumaa ikazimika. Wakakubaliana palepale, kila mtu anaongea juu ya mwenzake: kwenye kiti cha mwenyekiti anarudi Gustave, maana sheria ni sheria. Maikrofoni inabaki kwa Octave. Na kuanzia sasa, kila mwezi, mwanachama mmoja aliye hai atakaa mbele kwenye kiti kizuri asimuliwe wasifu wake, asikie, ale, arudi nyumbani.

"Naanza mimi," akasema Gustave haraka, "kabla hamjaniongopea."

"Anaanza Jeanne," akasema Octave.

Na walikula! Papa Alonzo alimega fufu kwa mkono baada ya Jeanne kumwonyesha, akaomba sombe mara ya pili. Akaomba pia tisheti, saizi kubwa, akaivaa juu ya shati lake, LALA SALAMA kifuani, akaimba. Sauti imechoka kidogo, ndiyo, lakini imo. Octave na Jeanne wakacheza katikati ya viti vilivyopinduka, na Gaëlle anawarekodi huku anawaelekeza kwa Kiswahili kikali: "Papa, geuka huku! Mama, cheka basi!"

Sasa niambie wewe. Umeshika maikrofoni, watu wote wamekupa uso, marehemu anaingia getini na ni wewe tu unayemwona. Neno moja, "tufumbe macho," na cheo chako kimepona. Ungelisema?